Swali la Thelathini na Tatu

Karatasi ya ukaguzi ina maswali thelathini na mawili.
Nimeikunja ndani ya mfuko
pamoja na kalamu, kipande cha sabuni,
na ufunguo mmoja ambao si wa ofisi.

Mlangoni, Baba Kisimba, mtu wa reli zamani,
ananidai tiketi.
Nasema sina. Ananitazama kwa huzuni ya mtu wa sheria.
Dorkase anachana pembe ya boksi la majani ya chai,
anaitoboa kwa jino: "Mpe hii."
Mzee anaigeuza pande zote mbili.
"Daraja la pili," anasema. "Pita."

Swali la kwanza: harufu.
Mikojo, ndiyo, kidogo, upande wa wanaume.
Lakini pia sombe iliyoanza kuchemka, makala,
na blanketi zilizoanikwa tangu asubuhi.
Naandika *wastani*. Neno lisilo na pua.

Swali la nne: wahudumu wangapi kwa wazee wangapi.
Mchana wawili, kwa wazee kumi na mmoja
ambao kumbukumbu imewatoka kama unga kwenye gunia lililotoboka.
Usiku ni Dorkase peke yake na tochi ya simu,
maana umeme wa Kalubwe huja na kuondoka
kama mtu anayedaiwa.
Hapa sisamehi. Nachora msalaba, naukoleza.

Kuna jambo halimo kwenye karatasi: kucha.
Zilizokatwa leo kwa ajili yangu zina kingo kali, hukwaruza.
Zilizokatwa juzi kwa ajili ya mzee zimeshalainika.
Kwa hiyo nawapa wote mkono, polepole, mmoja mmoja.
Laini. Laini. Laini.
Mama Ngalula amekunja ngumi, hafungui.
"Ameshika nini?"
"Nauli ya kwenda Likasi. Noti ya mia tano.
Tukimwogesha, tunaiogesha na yenyewe."

Uani kuna kichuguu kikubwa kuliko jiko
na njia nyekundu inayokizunguka,
iliyochimbwa na nyayo tu, hakuna fundi.
Saa kumi jioni Mama Musau huanza safari ya kwao.
Anatembea, anatembea, anatokea alipoanzia,
anakiona kiti chake. "Kumbe nimefika!"
Mara ngapi kwa siku?
"Sita. Siku za mvua, nne.
Kila akifika tunampokea, tunamuuliza habari za njiani."
"Naye hujibu nini?"
"Kwamba bowa wameota, ila hakuwa na kikapu."

Swali la kumi na tisa: *Je, mgonjwa hufungiwa chumbani?*
Nausukuma kila mlango. Kila mlango unafunguka,
mmoja kwa kelele, bawaba inataka mafuta.
Lango la barabarani tu ndilo lenye komeo,
na kando yake kiti, na kitini mtu.
Naandika *Hapana*
na kalamu inabaki pale pale, wino unatanda.

Katuba, nyumba ya tatu baada ya kinu cha mahindi,
saa hii mama yangu anapapasa mlango kutoka ndani.
Nimemwachia bukari, maji, redio.
Nimemwachia ndoo.
Jirani ananiambia hapigi kelele,
anabisha tu, kwa adabu, kama mgeni.

Naruka hadi mwisho. Sahihi, tarehe, muhuri.
Dorkase anasubiri huku akifuta mikono kwenye kikwembe.
"Umetupa ngapi?"
"Wastani. Tafuteni mtu wa pili wa usiku. Na mafuta ya bawaba."
"Tutatafuta," anasema, kwa sauti ya mtu
ambaye ametafuta tayari.

Nafunga mfuko. Naufungua.
"Blanketi," nasema, bila kumtazama,
"mtu akiletwa hapa, huja na lake?"

Ananyamaza kidogo.
Kule nyuma ya kichuguu Mama Musau amefika tena.

"Aje na lake," anasema. "Na lisifuliwe kwanza."